Maktaba Chini ya ATM ya Maziwa

Walisema sitaweza. Hawakunong'ona, walisema mbele yangu, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Kimanzi, mwenye saiba, yaani duka la intaneti, pale mtaa wa Kongo, Kawangware, mtu wa Kitui kama mimi, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mutua, hiyo kitu iliandikwa na maprofesa. Wewe uko na diploma."

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja picha za pasipoti akaongeza bila kuulizwa, "Na diploma yenyewe ni ya stima."

"Ni ya elektroniki," nikamwambia. "Na imenilisha Ghuba miaka mingi. Wewe kungoja picha kumekulisha nini?"

Saiba nzima ikacheka, lakini hakuna aliyebadilisha mawazo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya programu. Mimi nimestaafu. Watu husema najisifu, na ni kweli. Nitajisifu hapa pia, kwa sababu nilijenga upya maktaba sanifu ya C, lugha kongwe ya programu, kwa lugha salama inayoitwa Rust, nikiwa nimekalia kreti ya soda Kawangware. Wewe ukifanya hivyo, jisifu pia. Sitakuzuia.

Kwanza nieleze hiyo maktaba ni nini, maana hata mke wangu alidhani nimeanza kuuza vitabu. Programu iliyoandikwa kwa C haifanyi kila kitu yenyewe. Ikitaka nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikitaka kunakili jina, kupima urefu wa neno au kuandika kitu kwenye kioo, inaiomba maktaba. Fikiria ploti ya nyumba za kupangisha. Programu ni mpangaji na maktaba ni msimamizi wa ploti. Mpangaji anasema anataka chumba cha ukubwa fulani, msimamizi anampa. Akimaliza, anakirudisha.

Shida ya C ni kwamba msimamizi wake wa zamani haulizi kitu. Ukileta vyombo vingi kuliko chumba, vinamwagikia kwa jirani, na jirani analala juu ya sufuria zako. Ukihama unabaki na ufunguo, na unaweza kurudi kesho ukamkuta mtu mwingine kitandani. Msimamizi ameketi tu getini na redio yake.

Rust haikubali mambo hayo. Ina kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yako yawe kitu ambacho mashine inaelewa, na kompaila hiyo inakuhoji kama mama mkwe. Hiki ni cha nani? Nani mwingine anakitumia? Atakiachilia lini? Mwanzoni niliichukia. Nilikuwa nikiibishia kwa sauti, Kimanzi akifikiri naongea na simu. Baadaye nilizoea, na sasa nikiandika kitu kikapita mara ya kwanza nakuwa na wasiwasi.

C yenyewe niliijulia Ghuba, nilikokuwa fundi wa vidhibiti vya pampu za maji. Mkubwa wangu alikuwa Mhindi aliyeitwa Thomas, mtu wa maneno machache, shati limepigwa pasi hata kwenye joto lile. Siku moja nilimwonyesha kazi niliyoiandika upya. Nilijua ni nzuri kuliko ile ya zamani na nilisimama nikingoja kusifiwa. Akauliza, "Ya zamani inasemaje?" Nikamwambia ya zamani ni mbovu. Akasema, "Sijauliza kama ni mbovu. Nimeuliza inasemaje."

Akanifundisha kuziweka mbili kando kwa kando, kuzipa swali lile lile na kulinganisha majibu. Zikitofautiana, usiende mbele mpaka ujue kwa nini. Nilirudi nyumbani na televisheni kubwa na funzo hilo. Televisheni iliharibika zamani.

Sasa tuje kwa ATM ya maziwa. Kwa wale wa mbali: ni tangi la maziwa baridi lenye bomba, na juu yake kisanduku chenye kioo na vitufe. Mteja anatuma pesa kwa simu, anabonyeza nambari yake, bomba linammwagia maziwa aliyolipia. Mama Awuor alikuwa nayo moja dukani kwake Kibera. Alikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa, akauza samaki, akauza mitumba, mwisho akapata mashine hiyo, na duka lote likasimama juu yake. Mkate, mayai na sukari vilinunuliwa na watu waliokuja kwa maziwa.

Vijana wa mtaa wakagundua kitu. Ukishikilia kitufe kimoja bila kukiachilia, tarakimu zikajaa kioo na kuendelea kuingia, kisha ukathibitisha, mashine inaamini una salio la ajabu. Mchezo huo waliuita kukamua. Ungesikia mmoja anamwambia mwenzake, "Twende tukakamue kwa Mathe Awuor." Tangi linaisha na pesa hazionekani. Aliyemletea maziwa alimwambia wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, atapeleka maziwa yake kwa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa nikitengeneza mashine hizo Kibera na Kawangware, na nilipoona mchezo huo nilijua ugonjwa papo hapo. Programu ilipokea nambari ya simu na kumwomba msimamizi ainakili kwenye chumba kidogo. Msimamizi hakupima. Nambari ndefu ikamwagikia chumba cha pili, na humo ndimo programu ilimoweka salio la mteja.

"Si ubadilishe hiyo programu?" Mama Awuor aliniuliza.

"Walioiandika walifunga kampuni wakapotea. Maandishi yake hayako. Kilichobaki ni chapati iliyoiva, siwezi kuirudisha iwe unga."

"Sasa?"

"Mpangaji siwezi kumbadilisha. Nitabadilisha msimamizi."

Akasema, "Injinia, ongea kama mtu anataka nimpe mashine yangu."

Nikamweleza polepole. Programu ile haikubeba maktaba tumboni. Kila ilipowaka iliitafuta pale ilipozoea kuikuta. Nikiweka pale maktaba yangu, yenye majina yale yale ya kazi zile zile lakini inayopima vyumba, programu haitajua kwamba msimamizi amebadilika. Kazi nyingi za maktaba ile hazihitajiki kwa kuuza maziwa, lakini niliamua kuijenga kwa upana, ili ifae na mashine za watu wengine. Mimi si mtu wa kujenga nusu nyumba.

Sikukopa pesa kwa mtu yeyote. Nilikopa vitu ambavyo ni vigumu zaidi kurudisha. Kimanzi, pamoja na mdomo wake wote, alinikopesha meza, stima, na kompyuta iliyokuwa karibu na choo ambayo wateja hawakuipenda. Njoroge wa Riruta Satellite alikuwa na ATM ya maziwa iliyokufa; alinikopesha bodi yake, yaani ule ubongo wa mashine, nijaribie. Na Mama Awuor alikubali kunikopesha kisanduku chake kizima, yeye abaki akiuza kwa jagi kama zamani.

"Nakupa mpaka shule zifunguliwe," akasema. "Shule zikifunguliwa wamama wote wanataka maziwa saa moja, na jagi haliwezi. Ukichelewa wataenda kwa jirani, na wakizoea kwa jirani hawarudi. Umesikia?"

Nilisikia.

Nilianza na vitu vidogo, kama kupima urefu wa neno. Kisha nikaandika kazi ya kunakili kutoka chumba kimoja hadi kingine, inayoitwa memcpy. Niliandika kitanzi kidogo: chukua herufi, weka, nenda kwa inayofuata. Safi kabisa. Nikaiwasha, kompyuta ikaganda, kisha programu ikaanguka. Nikasoma upya, hakuna kosa. Ikaanguka tena. Kimanzi akaja na kikombe chake kutazama msiba.

Sababu yake bado inanichekesha. Kompaila ni mwerevu. Iliona kitanzi changu kinanakili, ikajiambia kwamba kazi ya kunakili inafanywa vizuri zaidi na memcpy, ikakiondoa kitanzi na kuweka mwito wa memcpy. Lakini memcpy ndiyo niliyokuwa naandika! Kwa hiyo ikawa inajiita yenyewe, ikijiita tena, mpaka nafasi ikaisha.

"Yaani iko kama mlevi," Kimanzi akasema, "anabisha mlango wa nyumba yake aulize kama yuko ndani."

Ukijenga maktaba ya chini kabisa, kijana, lazima uiambie kompaila kwamba chini yako hakuna mwingine wa kuitwa. Kuna alama yake ya kuweka. Iweke siku ya kwanza.

Jambo lingine lililompa Kimanzi furaha ni neno unsafe. Rust inakutaka uliandike kila mahali unapofanya kitu ambacho yenyewe haiwezi kukuhakikishia. Ni kama kutia sahihi: hapa si salama, nimekubali lawama. Maktaba inayohudumia programu za C haiwezi kulikwepa neno hilo, kwa sababu programu ya C inakuletea anwani ya chumba na kusema "weka humo," na Rust haina njia ya kujua kama anwani hiyo ni ya kweli.

"Lugha salama gani hii?" Kimanzi akauliza akinyooshea kioo kidole. "Imejaa 'si salama' kila mahali!"

"Haijajaa. Iko mlangoni tu."

Na hiyo ndiyo siri ya kazi hii. Neno lile liweke mlangoni, mahali pachache, na juu ya kila moja uandike kwa nini unaamini hakutatokea ajali. Ukishapita mlango, fanya kazi yote ndani kwa Rust ya kawaida. Mimi pale mlangoni nilikuwa na daftari la msimamizi, si la karatasi, bali jedwali ndani ya maktaba: kila chumba nilichotoa na ukubwa wake. Programu ikisema nakili nambari hii kwenye chumba kile, natazama jedwali kwanza. Kama chumba hakitoshi, nazima programu na kuiwasha upya, bomba likiwa limefungwa. Vyumba ambavyo sikuvitoa mimi siwezi kuvipima, na nilimwambia Mama Awuor hivyo. Fundi anayekwambia amefunga kila tundu hajamaliza kuhesabu matundu.

Nikafanya kama Thomas: ya zamani upande mmoja, yangu upande mwingine, maswali yale yale kwa zote mbili. Zilipojibu sawasawa, nikairudisha mashine Kibera jioni ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Nilivaa shati jeupe.

Wakamuaji walikuja jioni hiyo hiyo. Nilikaa kando na soda, nikiwasikiliza.

"Imekataa, buda."

"Shikilia. We shikilia tu."

"Nimeshikilia! Imezima ikajiwasha."

"Nani ameharibu hii mashine?"

"Ni mimi," nikasema, nikainuka ili wanione vizuri.

Niliilipia soda ile kwa raha ambayo sijawahi kuilipia soda nyingine. Hayo ndiyo mambo ninayopenda kusimulia, na mngependa niishie hapo. Lakini shule zikafunguliwa.

Asubuhi ya kwanza Mama Awuor alinipigia simu. "Injinia, mashine inakula pesa. Haitoi maziwa."

"Haiwezekani," nikasema. Vijana, neno hilo msilitamke kabla hamjaiona mashine.

Nilipofika Kibera niliikuta foleni imegeuka kuwa mkutano. Wanawake wameshika vibuyu vya plastiki na thermosi, watoto wamevaa sare. Mteja akibonyeza nambari, salio linakatwa, kioo kinamwambia asante, bomba linabaki kavu. Mbele kabisa alikuwa Mama Brayo, mteja wa kila siku wa Mama Awuor, mwenye kibanda cha chai na mandazi. Alipokosa maziwa pale, wateja wake pia walikosa chai.

"Ni huyu?" akauliza.

"Ndiye huyu wa Ghuba," mwingine akajibu.

"Sasa nimejua kwa nini Ghuba walimrudisha. Mimi hii mashine siigusi tena. Haki ya Mungu siigusi."

Akaondoka kuelekea kwa jirani, na wengine wakamfuata. Waliobaki, Mama Awuor aliwamiminia kwa jagi, kila mmoja kiasi alichokatwa, bila kubishana na yeyote. Alipomaliza akafungua skrubu, akanipa kisanduku.

"Mwenye kuniletea maziwa anataka jibu Jumatatu," akasema. "Usinielezee. Nenda."

Pale kwa Kimanzi bodi ya Njoroge haikuwa na bomba. Nilikuwa nimeangalia salio likikatwa sawasawa, nikaridhika. Safari hii niliunganisha bomba na ndoo ya maji, nikaifuata programu hatua kwa hatua, na nikamkamata mkosaji. Programu ile, ikishakata salio, ilirudisha chumba cha mteja kwa msimamizi, na baada ya hapo ikaingia tena mle mle kusoma imwage maziwa kiasi gani. Ni kosa, kosa la aibu. Lakini msimamizi wa zamani hakuwa anagusa chumba kilichorudishwa, kwa hiyo programu ilikuta kiasi kiko palepale ilipokiacha, na miaka yote hakuna aliyejua. Mimi, kwa ufundi wangu, nilikuwa nasafisha kila chumba mara tu kiliporudishwa, nikijaza sifuri kila kona, ili mwizi asikute hata unywele. Programu ikarudi, ikakuta sifuri, ikamwaga sifuri.

Programu ilikuwa na makosa, mimi nilikuwa sahihi, na watoto wa Kibera walikunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Majaribio yangu ya kando kwa kando hayakuliona hilo kwa sababu niliuliza kila kazi ikiwa kazini. Sikuwahi kuuliza chumba kinasemaje baada ya kurudishwa. Hakuna kitabu cha C kinachosema uulize. Kitabu kinasema hapo hakuna ahadi yoyote. Lakini mashine za watu haziishi kwenye kitabu.

Dawa ilitoka kwa maisha yangu mwenyewe. Nilipohama chumba changu cha Kawangware kwenda Ghuba, godoro na jiko vilibaki ndani mpaka shemeji yangu apate nafasi ya kuvichukua. Msimamizi alikuwa amekwishapokea ufunguo. Ila alifanya wanavyofanya wasimamizi wengi kule: hakupaka rangi mara moja wala hakumwingiza mpangaji mpya siku ile. Aliwapa waliohama nafasi ya kurudi kuchukua walichosahau, kisha ndipo akafagia.

Nikaandika hivyo hivyo. Chumba kikirudishwa kinaingia foleni, hakisafishwi, hakipewi mtu. Kikifika mbele ya foleni ndipo kinasafishwa na kupangishwa. Programu yenye mazoea mabaya inarudi, inakuta chake, na haimkanyagi mpangaji mpya kwa sababu hajaingia. Foleni niliifanya fupi, maana kumbukumbu ya bodi zile ni ndogo. Na kabla ya kusafisha natazama kama kuna aliyeandika kitu humo baada ya kuhama; akiwepo, naweka alama, nijue ni programu gani yenye tabia hiyo. Bomba likamwaga maji kwenye ndoo, Kimanzi akapiga makofi, kisha akakumbuka kwamba yeye hupinga, akaacha.

Jumatatu kisanduku kilikuwa juu ya tangi na maziwa yalitoka. Mwenye maziwa aliona kwa macho yake, akasema ataendelea kuleta. Mimi nikaanza kufunga begi langu.

"Unaenda wapi?" Mama Awuor akauliza.

"Nyumbani. Mashine nimekurudishia."

"Mashine umerudisha. Wateja je? Ulinichukulia na wateja."

Akanitupia aproni. Watu walikuwa wameiogopa mashine, hawakutaka kubonyeza. Walitaka kumiminiwa kwa jagi na mtu wanayemwona. Basi mtu huyo nikawa mimi. Kila asubuhi nilisimama kando ya maktaba yangu mwenyewe, nikimimina maziwa kwa jagi. Vijana wa kukamua walipita makusudi kunisalimia. "Niaje, Injinia! Diploma imefika kwa jagi?" Nikawajibu kwamba hata jagi linahitaji mtu anayejua kupima.

Alasiri nililipa madeni mengine. Njoroge nilimrudishia bodi yake ikiwa na maktaba mpya, aliichomeka, kioo kikawaka, akasema, "Lakini hii ilikuwa imekufa." Nikamwambia, "Ilikuwa." Stima ya Kimanzi singeweza kuirudisha, kwa hiyo nilimtengenezea printa yake iliyokuwa ikitafuna karatasi, nikamsafishia kompyuta na meza. Alijaribu printa mara kadhaa akitafuta kosa. Hakulipata, akasema wino ni hafifu.

Dukani, watu wa jagi wakawa wanapungua. Mmoja alichelewa kazini, akaamua kubonyeza, akapata maziwa yake. Wa pili akamwona. Ikafika mahali nikawa nasimama na jagi tupu asubuhi karibu nzima. Aliyebaki kwa jirani alikuwa Mama Brayo peke yake.

Asubuhi moja alikuja, thermosi kwapani. Hakuniangalia. Alinipita mimi na jagi langu, akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akabonyeza nambari yake. Bomba likamwaga, likakata pale pale panapotakiwa. Akafunga kifuniko, akachukua na mkate.

Nilishindwa kujizuia. "Mama Brayo, unajua ni nini kimetendeka hapo ndani?"

"Maziwa imetoka," akasema. "Kwani ulitaka itoke nini?"

Akaenda zake, kibanda chake kilikuwa kinamngoja. Mama Awuor akalichukua jagi mkononi mwangu, akalisuuza, akalipindua juu ya rafu.

"Sasa umelipa," akasema. "Vua aproni yangu."